Mguu Usiwaibe Macho

Wadogo zangu watarajali, juzi usiku nimewakuta watatu mmeuzunguka mguu wa kijana wa bodaboda aliyeletwa kutoka Pongwe. Mwenyewe anakoroma, nyie mnajadili mfupa! Nilipomnyanyua taya koromo likakatika, ndipo nikafoka. Nawapenda, lakini hili siliwezi.

1. A, yaani njia ya hewa, kwanza, shingo ikiwa imeshikwa. Majeruhi anayekoroma hajalala usingizi.

2. B, kupumua: vueni shati, tazameni kifua. Upande mmoja haupitishi hewa, presha inaporomoka? Msingoje eksirei, toboeni kifua hewa iliyonaswa itoke.

3. C, mzunguko wa damu, na hapa tukae kidogo. Nikiwa mtarajali, hospitali nyingine, aliletwa utingo wa lori la mkonge. Paja limevunjika, presha 110 kwa 70. Nikaandika "hali nzuri". Mapigo ya moyo yalikuwa 128 kwa dakika. Niliyaandika kwa mkono wangu, nikajiambia ni maumivu. Sista wa zamu, mama mtu mzima, akasema, "Dokta mwanangu, mbona miguu yake ya baridi?" Nikamjibu ni feni, nikaendelea na gango. Kijana akaomba maji. Akaomba tena. Mara ya tatu maneno yalikuwa hayaeleweki. Bandama lilikuwa limepasuka, tumbo limejaa damu. Mtu mwenye nguvu mishipa yake hujikaza, presha ikasimama hadi damu ipungue karibu theluthi, kisha huanguka ghafla. Damu ya kumwongeza niliiomba nimechelewa. Alifariki tukimsukuma kwenda chumba cha upasuaji. Nilikwenda kumweleza mama yake, mikononi bado nina vipande vya plasta ya lile gango. Sista hakunisema. Aliniletea maji ya kunywa, nikashindwa kuyanywa.

Kwa hiyo mapigo na ubaridi wa ngozi kabla ya kuiamini presha. Kanyula (mirija ya mshipani) mbili nene, sampuli ya kundi la damu papo hapo, maji ya dripu kwa kiasi. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 ndani ya saa tatu tangu aumie. Nyonga ikiwa imevunjika, shuka lifungwe usawa wa maungio ya mapaja, si kiunoni.

4. D, fahamu: GCS, yaani alama za kupima fahamu, ikiwa 8 kushuka, lindeni njia ya hewa. Sukari pimeni.

5. E, kumfunua mwili mzima: mgeuzeni kama gogo, mgongo uonekane, kisha mfunikeni. Hata kwa joto letu hili la kaskazi, aliyepoteza damu hupoa, na akipoa damu haigandi.

Kijana wa juzi ameamka, ameulizia pikipiki yake. Leo mkipita kitandani kwake, mpimeni mapigo kabla hamjafunua mguu.