Jaji anaposimamia hospitali ya akili ya serikali: mamlaka hutoka wapi na huishia wapi?

SWALI: Mheshimiwa wakili, mimi ni mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu. Nimesoma kwamba mahakama za shirikisho nchini Marekani ziliwahi kusimamia hospitali za akili za majimbo kwa miongo kadhaa. Jaji si daktari, wala hashiki funguo za hazina. Anapata wapi mamlaka hayo, anayatumiaje, na akipuuzwa afanye nini?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, nianze na mamlaka, kwa sababu wengi hudhani kuwa mahakama huingia hospitalini kwa vile huduma ni mbaya. Ubaya wa huduma peke yake hautoshi kuwa shauri la kikatiba. Kinachofungua mlango ni kwamba mgonjwa hakwenda kwa hiari yake: dola imemwondolea uhuru bila kumtia hatiani kwa kosa lolote, na sababu iliyoitoa ni kwamba inataka kumtibu. Tiba isipokuwepo, sababu hiyo huanguka, na kinachobaki ni kifungo. Huo ndio msingi alioujenga Jaji Frank M. Johnson mwezi Machi 1971 katika shauri la Wyatt dhidi ya Stickney, lililofunguliwa Alabama mwezi Oktoba 1970, na ndilo shauri ninalokushauri ulisome kabla ya mengine yote.

Shauri lenyewe lilianza kwa namna ambayo wachache wangeitarajia. Mapato ya kodi ya sigara yaliyokuwa yakigharimia huduma za akili yalipunguzwa, na wafanyakazi 99 wa Hospitali ya Bryce, mjini Tuscaloosa, wakaachishwa kazi. Wao na walezi wa baadhi ya wagonjwa wakaenda mahakamani pamoja. Jaji aliliweka pembeni suala la ajira na kushikilia lile la tiba: wagonjwa wapatao 5,000 walikuwa wanatibiwa na nani? Ilidhihirika kuwa walioshughulika moja kwa moja na mipango ya tiba walikuwa mwanasaikolojia mmoja mwenye shahada ya uzamivu, madaktari 3 waliopata mafunzo kiasi ya magonjwa ya akili, na maofisa ustawi wa jamii 2. Mbele ya hesabu ya namna hiyo, jaji hahitaji kuwa daktari ili aelewe kwamba hakuna anayetibiwa.

Hata hivyo hakukimbilia kuandika kanuni zake mwenyewe. Aliipa idara ya afya ya akili ya jimbo miezi 6 itengeneze na kutekeleza mpango wake, na ni baada ya idara kushindwa ndipo alipowaita wataalamu na vyama vya kitaaluma, akasikiliza ushahidi, na mwezi Aprili 1972 akatoa viwango ambavyo sehemu kubwa yake pande zenyewe zilikuwa zimekubaliana. Utaratibu huo una maana kubwa, kwani mlalamikiwa aliyepewa nafasi ya kwanza akaipoteza hawezi baadaye kulalamika kwa uzito kwamba mahakama imempora kazi yake. Viwango hivyo vilisimama juu ya nguzo tatu: mazingira yenye utu, watumishi wa kutosha wenye sifa, na mpango wa tiba wa kila mgonjwa peke yake. Chini ya nguzo hizo kulikuwa na mambo ambayo mtu angeweza kuyahesabu kwa macho: choo kimoja kwa kila wagonjwa 8, wagonjwa wasiozidi 6 katika chumba kimoja, na idadi maalumu ya madaktari na wauguzi kwa kila wagonjwa 250. Mgonjwa hakuruhusiwa kulazimishwa kufanya kazi za kuiendesha hospitali, kama vile kufua na kupika, na aliyezifanya kwa hiari alipaswa kulipwa.

Hapo ndipo ufundi wa kuandika amri unapoonekana. Amri inayosema «wagonjwa watunzwe kwa heshima» haiwezi kutekelezwa, kwa sababu siku ya kumshtaki mkurugenzi kwa kudharau mahakama hutaweza kuonyesha ni neno gani alilolivunja. Lakini takwimu nazo zina hila yake, na jambo hili sioni likisemwa vya kutosha madarasani: uwiano wa muuguzi kwa wagonjwa hutimizwa kwa kuajiri wauguzi, na hutimizwa vilevile kwa kuwaondoa wagonjwa. Hospitali inaweza kuingia ndani ya viwango kwa kuwahamishia wazee katika nyumba za kulelea ambako hakuna anayewatazama, na ripoti ikasomeka vizuri kabisa. Kwa hiyo amri iliyoandikwa vyema humfuata mgonjwa hata baada ya kuruhusiwa, na huuliza amepelekwa wapi na nani anamhudumia huko.

Kuhusu usimamizi wa kila siku, jaji hasimamii kwa macho yake. Huko Alabama ziliundwa kamati za haki za binadamu kwa kila taasisi, na katika mashauri mengine mahakama humteua mfuatiliaji, aghalabu mtaalamu wa afya ya akili, anayeingia wodini, anasoma majalada na kutoa ripoti. Maoni yangu ni kwamba uamuzi wa nani awe mfuatiliaji, na apewe ruhusa gani ya kuingia, una uzito kuliko kurasa zote za viwango. Mfuatiliaji anayetoa taarifa ya ujio wake wiki moja kabla ataona shuka safi. Yule anayeweza kufika saa 8 usiku, akataka kuona rosta ya zamu na chumba cha kufungia wagonjwa, ataiona hospitali.

Sasa akipuuzwa. Jaji Johnson alisema wazi kwamba ukosefu wa fedha si utetezi, lakini alipoombwa kuagiza ardhi ya jimbo iuzwe ili fedha zipatikane, aliahirisha uamuzi, na nadhani alifanya vizuri, kwa kuwa amri ambayo jaji hawezi kuitekeleza humdhoofisha yeye kabla ya kumdhoofisha mlalamikiwa. Hatua nzito ilikuja mwaka 1979, alipoiondoa mifumo ya afya ya akili mikononi mwa bodi yake na kuiweka chini ya msimamizi maalumu wa mahakama, ambaye hakuwa mwingine ila gavana, Fob James. Wapo wanaoona kichekesho katika kumkabidhi mkuu wa jimbo usimamizi wa jimbo lake mwenyewe. Mimi naona hesabu: gavana ndiye aliyeweza kulikabili bunge kuhusu bajeti, na tangu siku hiyo hakuweza tena kusema kwamba lawama ni za bodi.

Njia nyingine ni faini. Katika jimbo la Washington, mahakama ya shirikisho iliamua mwaka 2015 kwamba mahabusu hawawezi kuachwa gerezani kwa majuma wakisubiri kupimwa au kutibiwa ili ijulikane kama wana uwezo wa kushtakiwa, na ucheleweshaji ulipoendelea faini za kila siku zilirundikana hadi kupita dola milioni 100. Fedha hizo zilielekezwa kwenye huduma kwa kundi hilohilo, si kurudi hazina kuu.

Mipaka ipo, tena ilizidi kubana. Mwaka 1982, katika shauri la Youngberg dhidi ya Romeo, lililomhusu mkazi wa taasisi ya Pennhurst, Pennsylvania, aliyeumia zaidi ya mara 60, Mahakama ya Juu ilikubali haki ya usalama, ya kutofungwa mikanda bila sababu, na ya mafunzo ya kiasi kinachohitajika kwa ajili hiyo, lakini ikaagiza kwamba uamuzi wa mtaalamu uchukuliwe kuwa sahihi isipokuwa umekengeuka sana kutoka taaluma yake. Mwaka 1984, katika shauri kuhusu taasisi hiyohiyo, iliamua kuwa mahakama ya shirikisho haiwezi kuwaamuru maofisa wa jimbo wafuate sheria ya jimbo lao.

Kumaliza nako ni kazi. Wyatt ilifungwa mwezi Desemba 2003, miaka 33 baada ya kufunguliwa. Siku hizi amri za maridhiano, yaani amri za mahakama zinazotokana na makubaliano ya pande zote, huandikwa zikiwa na mlango wa kutokea: kila sehemu ikitimizwa na kudumishwa kwa muda uliotajwa huondolewa, na zinazobaki hubaki chini ya uangalizi.

Ikiwa siku moja utaandaa shauri la aina hii, usianze na hati za kiapo zenye masimulizi ya kusikitisha, ingawa utazihitaji. Omba kwanza rosta za zamu za mwaka mzima, daftari la kufungia na kufunga wagonjwa mikanda, na rejista ya vifo, kisha uzilinganishe tarehe kwa tarehe.