Meno ya Bahasha

Jana kuna dada kaniuliza, kaka, mtoto wangu wa mbwa ana wiki kumi, nataka nije nimpeleke maonyesho ya mbwa, nianze na komandi gani? Nikacheka peke yangu maana swali hilo hilo niliuliza mimi mwaka jana, na jibu nililopewa (kaa, lala, njoo) ndio lilinifikisha kwenye aibu ambayo mpaka leo ikinijia usiku nageukia upande wa pili.

Wangu ni jike wa German Shepherd, nilimpata ana wiki nane. Jina lake la kwenye karatasi ni refu kama treni ila nyumbani ni Bahasha, kwa sababu siku ya kwanza tu alitafuna bahasha yenye karatasi zake za ukoo, nikaanza upya kuomba nyingine. Hapo hapo ningejua kwamba meno ndio yatanitesa.

Nikamfungia ndani. Niliogopa parvo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, nikasema mpaka amalize chanjo za wiki ya 16 hatoki mtu hapa. Kumbe umri ambao mbwa anazoea mambo mapya bila woga ni huo huo, kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 14 hivi, ukishapita hapo unapanda mlima na gunia kichwani. Ningembeba tu mikononi, asikanyage chini wanapopita mbwa nisiowajua, aone watu, miavuli, pikipiki, watoto wanaopiga kelele. Sikufanya. Mimi niko bize na komandi.

Miezi iliyofuata siielezi, ni mikojo na manyoya. Ila meno 28 ya utoto yalipoanza kudondoka akiwa na miezi minne, masikio yaliyokuwa yameshasimama yakalala tena, nikapaniki nikaanza kumwongezea kalsiamu kwenye chakula. Jamani msifanye hivyo, mbwa mkubwa anayekua ukimzidishia kalsiamu unamharibu mifupa, daktari wa mifugo alinifokea kama mtoto. Masikio yakaja kusimama yenyewe.

Miezi minane, onyesho la kwanza. Mbwa anakaa, analala, anatoa mkono, mimi kifua mbele. Jaji wala hakuwa na shida na mkono! Alitaka meno, yote 42, aone ya juu yanavyopita mbele ya ya chini kama mkasi, halafu ampapase mwili, halafu amwangalie akienda mchakamchaka. Na ulingoni mbwa anatakiwa asimame, sasa huyu kila nikimsimamisha anakaa, si ndio nilichomlipa biskuti miezi yote hiyo.

Jaji akanyoosha mkono, Bahasha akarudi nyuma akabweka. Akajaribu tena, akajificha miguuni kwangu. Mara ya tatu jaji akasema asante, mtoe. Mbele ya watu wote. Na kuna mzee mmoja, mfugaji wa siku nyingi, akasema kwa sauti ya kusikika, "huyo kamfunge getini." Asubuhi yake nilikuwa nimemsalimia kwa heshima zote yule mzee. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Nilirudi nyumbani nimenuna siku tatu, halafu nikaanza upya. Kila siku kabla ya kula namfunua midomo sekunde mbili, namwachia, anapata chakula. Basi. Wiki zikaenda nikaomba jirani afanye, halafu rafiki yake jirani, halafu mtu mwenye kofia, halafu mwenye miwani. Neno "kaa" nikalisahau kabisa, anayepata biskuti ni aliyesimama. Kamba nayo nikajifunza kuilegeza, maana ile siku niliikaza mpaka vidole vikauma, na mbwa ukimkazia kamba anajua kuna hatari mbele, atamwaminije jaji wakati wewe mwenyewe unatetemeka?

Mwezi uliopita tumerudi, ana miezi 13. Jaji kamfunua mdomo, kahesabu, kapapasa mgongo, Bahasha anatikisa mkia tu kama anachukuliwa vipimo vya gauni. Wa pili kati ya sita. Yule mzee alikuwepo, mbwa wake alishika namba nne, mimi sisemi kitu.

Sisi tunaoanza tunapenda sana utepe wa ushindi, tunataka mbwa wa kupiga naye picha, ila kumshika mbwa mdomo kila siku miezi mitano bila mtu kukupigia makofi hatutaki. Mshike mdomo. Mshike miguu, mshike mkia, mshike mdomo tena, na ukiwa na hasira siku hiyo acha, kesho ipo.

Kwa hiyo dada, komandi weka pembeni kwanza. Leo jioni kabla hujaweka bakuli chini mfunue midomo, hesabu mbili, mwachie, ale. Kesho mwite mtu mwingine wa nyumbani afanye hivyo hivyo.