Alifilisika, madeni yakafutwa, mbona nyumba bado inanadiwa?

Wazee wetu wa Makorora, shikamooni. Swali lenu limefika: kijana aliyeko Marekani alifilisika mahakamani miaka ya nyuma, madeni yakafutwa, na sasa benki inataka kuipiga mnada nyumba yake. Je, muuze shamba la michungwa la Muheza mumwokoe? Nitajibu bila kupamba, maana huku ughaibuni watu huficha habari za madeni mpaka maji yafike shingoni.

Kilichofutwa ni deni lake yeye. Rehani iliyo juu ya nyumba haikufutwa. Kama alifilisika kwa Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika ya Marekani, ile inayofuta madeni bila mpango wa kuyalipa kwa awamu, na hakusaini upya kulibeba deni la nyumba, benki haiwezi kukata mshahara wake wala kumdai pengo nyumba ikiuzwa kwa hasara. Ila asipopeleka marejesho ya kila mwezi, nyumba inachukuliwa vilevile. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wakisikia "umefutiwa" wanaacha kulipa.

Kwa kawaida benki hairuhusiwi kuanza hatua za kuichukua nyumba mpaka mkopaji awe nyuma zaidi ya siku 120. Baada ya hapo kila jimbo na sheria yake. Texas, kwa mkopo wa kawaida wa kununulia nyumba, benki haihitaji hakimu: inatoa notisi ya mnada ya siku 21, na minada hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi. New York ni lazima kesi ifunguliwe, na inaweza kupita mwaka na zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuita dalali wa shamba, mwulizeni yuko jimbo gani na kama tarehe ya mnada imeshatajwa.

Suala la michango ndilo linaloumiza zaidi. Leo shangazi anatuma dola 200, wiki ijayo mjomba 300, kijana anazipeleka benki kidogo kidogo. Mkopo ukishafika hatua ya mnada, benki mara nyingi huzirudisha fedha pungufu au huziweka pembeni bila kupunguza chochote. Inachotaka ni malimbikizo yote kwa mkupuo. Aombe kwa maandishi barua ya kiasi cha kurejesha mkopo katika hali yake. Humo ataona kila mstari: marejesho aliyoruka, faini za kuchelewa, ada ya mwanasheria wa benki, ukaguzi wa nyumba, bima na kodi ambazo benki imemlipia, na chini yake tarehe ambayo hesabu hiyo inakoma. Fedha ikifika siku moja baada ya tarehe hiyo, jumla imeshabadilika.

Kama hana mkupuo, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiomba benki ibadilishe masharti ya mkopo. Maombi yakifika yakiwa kamili zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, benki inatakiwa iyajibu kwanza kabla ya kuuza. Neno "kamili" ndilo lenye mitego: hati moja ya mshahara ikikosekana, hayahesabiwi. Washauri wa nyumba walioidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, husaidia kuyajaza bila malipo. Anayedai ada kabla ya kuleta nafuu yoyote, au anayetaka hati ya nyumba ihamishiwe jina lake "kwa muda", mkimbieni kama kausha damu.

Ya pili ni Sura ya 13 ya sheria ileile, yaani kulipa madeni kwa awamu chini ya mahakama, na kufilisika zamani hakumzuii. Shauri likifunguliwa, mnada unasimama, na malimbikizo yanagawanywa kwa miaka 3 hadi 5. Tuseme marejesho ni dola 1,800 na yuko nyuma miezi 7: hiyo ni 12,600. Kwa miezi 60 ataongeza dola 210 kila mwezi juu ya zile 1,800, bado ada ya msimamizi anayeteuliwa kusimamia shauri. Akitaka mwishoni afutiwe pia madeni mengine, lazima iwe imepita miaka 4 tangu afungue ile Sura ya 7. Na kama shauri lake jingine lilitupwa ndani ya mwaka uliopita, kinga hiyo ya kusimamisha mnada ni siku 30 tu, mpaka mahakama ikubali kuiongeza.

Sasa shamba. Likiwa kwa jina lake, ni mali ya kutajwa mahakamani, hata kama liko Muheza. Fomu zinauliza mali yote popote ilipo, na kuficha ni jinai yenye kifungo kinachofika miaka 5. Kulihamishia jina la mjomba wiki ya mwisho kunaharibu zaidi, kwa sababu msimamizi huchunguza uhamisho wa miaka 2 nyuma, wakati mwingine zaidi.

Likiwa la kwenu, mimi nisingeliuza kwa ajili ya kijana ambaye mshahara wake haufikii zile 1,800. Mtalipa malimbikizo, na miezi mitano mbele barua nyingine itaingia. Afadhali auze nyumba mwenyewe kabla ya mnada, maana kinachobaki baada ya deni ni chake. Na asihame mapema: mpaka hati ibadilike jina, kodi ya majengo bado ni yake. Awatumie kwanza picha ya ile barua ya benki na hati zake mbili za mwisho za mshahara, ndipo mkae kikao.