Habari ya mtandaoni huchapishwa, au hurushwa?

SWALI: Ninaandika katika tovuti ya habari. Kila nikiandika "tumechapisha habari hii jana", mhariri hufuta "tumechapisha" na kuweka "tumerusha". Anasema pasipo karatasi na wino hakuna kuchapisha. Je, yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Hoja yake ingekuwa na nguvu kama ungeandika "tumechapa". Chapa, neno tulilolipata kwa Wahindi, ni alama inayogandamizwa juu ya kitu; kuchapa, au kupiga chapa, ni kazi ya mtambo. Kuchapisha ni kauli ya kusababisha, yaani kufanya kazi ichapwe. Anayechapisha si lazima aguse wino: yeye ndiye anayeamua kazi iwafikie watu, na lawama zikija zinamwangukia yeye. Fungua vitabu vyetu, utakuta "Kimechapishwa na" fulani, kisha chini yake "Kimepigwa chapa na" mwingine kabisa. Tanzania tunaye hata Mpigachapa Mkuu wa Serikali.

Zamani tofauti hiyo haikujitokeza sana. Msimulizi, miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili, lilianza Zanzibar mwaka 1888 chini ya UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza. Misheni ile ile ililiandika na kulipiga chapa, enzi ambazo herufi za madini ya risasi zilipangwa moja moja kwa mkono. Baadaye gazeti likawa biashara ya kila siku, mitambo mikubwa ikawa ghali, na wachapishaji wengi wakawa wanapeleka kurasa zao usiku kwa wapigachapa wa nje. Gazeti halikuacha kuwa lao kwa kukosa mtambo. Sasa mtambo wenyewe umeondoka. Aliyebaki ni mchapishaji, na kitenzi chake ni kile kile.

Kurusha ni kwa mambo ya hewani: redio, televisheni, na hata video ya moja kwa moja kwenye tovuti yenu. Maandishi hayarushwi. Kama "chapisha" bado linamkera mhariri wako, andikeni "tumeiweka mtandaoni".

Wala neno "gazeti" lisiwatishe mkilitumia kwa tovuti yenu. Mambo Leo la serikali ya kikoloni ya Tanganyika, lililoanza 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi na likaitwa gazeti. Leo wengi wangeliita jarida. Neno hili limezoea kunyumbuka.

Linaloniumiza zaidi ni "toleo". Toleo lina namba na tarehe; likishafungwa usiku, haliguswi. Nakala ya kidijitali inayoonyesha kurasa zote kama zilivyopangwa ni toleo halali. Lakini tovuti inayobadilika kila saa haina toleo, na habari moja iliyorekebishwa haiwi "toleo jipya". Msomaji ana haki ya kujua kilichobadilika, kwa hiyo mwelezeni waziwazi: "Habari hii imesasishwa saa nane mchana kurekebisha jina la kijiji."