Barua kwa mwanangu: kuhusu yule farasi wa Madrid

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika. Unaniuliza kama Edgar Neville, aliyetengeneza El último caballo mwaka 1950, filamu ile ya Kihispania tuliyoitazama pamoja ulipokuja likizo, alikuwa mtu wa kale aliyechukia maendeleo tu, na kwa nini mimi nilinyamaza wakati ninyi mnacheka.

Neville alikuwa mwanadiplomasia aliyewahi kufanya kazi Hollywood, kwa hiyo mashine hazikuwa ngeni kwake. Kumbuka kisa kinavyoanza: kikosi cha wapanda farasi kinapewa magari, na farasi waliokitumikia wanauzwa wakatumiwe katika mchezo wa fahali, ambako pembe huwasubiri. Fernando, anayeigizwa na Fernando Fernán Gómez, anamaliza utumishi wake wa jeshi wakati huohuo, naye anatoa akiba yake ya harusi kumkomboa Bucéfalo, mnyama aliyembeba mgongoni siku zote hizo. Mchumba wake anakasirika, na mimi, tofauti na wewe, simlaumu hata kidogo, kwani ni nani angefurahi kusikia kwamba fedha za harusi zimegeuka farasi?

Kilichoninyamazisha ni kule kuhangaika kwa Fernando mjini Madrid akitafuta mahali pa kumlaza Bucéfalo. Hakuna katili anayemfukuza farasi yule; kila anayemkatalia ana sababu yake, tena ya haki, na sababu hizo zikijumlishwa mji mzima unakuwa hauna nafasi ya kiumbe ambaye jana tu ulikuwa ukimtegemea. Wanaobaki upande wake ni Simón, askari wa zimamoto, na Isabel, muuza maua.

Wewe unaushika usiku ule wa ulevi, wanapopita barabarani wakiyalaani malori, kuwa ushahidi wa chuki ya Neville. Mimi niliwaona watu wanaojua kwamba wameshashindwa, maana kulipokucha malori yalikuwa palepale, na Bucéfalo alikuwa bado anahitaji majani.

Ule mwisho wa kukimbilia kwenye kilimo cha maua haukuniridhisha sana, kwa kuwa unamwondolea Fernando taabu upesi kuliko alivyoipata. Mama yako hakubaliani nami: anasema kijana aliyeweza kumlisha farasi kwa mshahara wa ofisini hashindwi na bustani.

Baba yako