Maswali yenu: Kesi ikifutwa, nani aulizwe?

Kesi ya udhalilishaji ya mtoto wa ndugu yangu imeondolewa mahakamani. Tumeambiwa tu DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, hana nia ya kuendelea. Ana haki hiyo? (Wete)

Anayo. Kifungu cha 56A cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinamruhusu kusitisha mashtaka kabla ya hukumu, tena bila ya kuamrishwa na mtu. Lakini kukingwa na amri siko kukingwa na suali, na hapo ndipo ninapogombana na wakubwa miaka yote. Niliwahi kukaa kwenye baraza ya mahakama moja Pemba na mama aliyetoka Konde kwa gari ya alfajiri, mtoto kamlala mapajani, samansi kaifunga kwenye pindo la kanga. Saa sita karani akatoka: kesi haipo tena. Sababu? "Nenda kaulize." Aende wapi?

Mwandikieni Mkurugenzi wa Mashtaka, mutaje namba ya kesi, muombe sababu kwa maandishi, mubaki na nakala yenye muhuri. Wakinyamaza, mfuateni mwakilishi wenu. Baraza la Wawakilishi ndilo linalopitisha bajeti ya ofisi hiyo. Lisiishie kuuliza mafuta ya gari.

Tupeleke malalamiko Dodoma?

Hili nimelijibu mara ngapi? DPP ni wawili, na wa Bara si mkubwa wa wa Zanzibar. Kesi ya masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, iliendeshwa Dar es Salaam, ndiyo maana ikafutwa na DPP wa Bara, Juni 2021. Miaka waliyokaa ndani aliilipa nani? Hilo hamkuniuliza.

Mwendesha mashtaka anataka "ya maji" ili faili lisipotee. (Mkoani)

Nenda ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa ya Zanzibar, leo. Na usitoe: mtoaji naye ana kosa.

Mwendesha mashtaka wetu kashindwa kesi tatu mfululizo. Si kala rushwa?

Si lazima. Mashahidi wenu walifika, au mulikaa sulhu usiku, asubuhi shahidi "anaumwa"? Na yule anayeshinda kwa kuficha ushahidi unaomsafisha mshtakiwa, mbona hamumlalamikii? Aliyeko rumande Kiinua Miguu naye ni mtoto wa mtu.

Mwendesha mashtaka ni shemegi wa mshtakiwa. Tunaona muhali kusema.

Kisiwani humu sote jamaa. Ushemegi si kosa, kosa ni kuuficha. Mwambieni mkuu wake kabla mashahidi hawajaanza kusikilizwa. Na barua isainiwe na mtu mwenye jina, si "wananchi wema".