Miguu inaisha wiki ya tatu na wageni wapya hawarudi siku ya pili, nijiandaeje kabla ya msimu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha ski, yaani kuteleza kwenye theluji na mbao mbili ndefu miguuni, nimemaliza msimu wangu wa pili, na karibu wageni wangu wote ni wale ambao hawajawahi kuvaa buti la ski maishani. Kabla ya msimu uliopita nilikimbia sana, kilomita nyingi tu, lakini kufika wiki ya tatu mapaja yalishaisha na mgongo ukawa unauma kila jioni. Afu msimamizi kaniambia wageni wangu wengi wanachukua somo la siku ya kwanza halafu la pili hawaonekani. Nina miezi mitano mpaka theluji irudi. Nifanye mazoezi gani, na hao wageni nawakosea wapi? Na je kuna haja ya kutumia akiba yangu kwenda kwenye theluji ya kiangazi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeleta maswali matatu lakini mawili ya kwanza mi naona ni kitu kimoja. Mgeni wa saa tisa alasiri anafundishwa na kile kilichobaki kwako baada ya kushinda unainua watu, na kama kilichobaki ni mgongo unaouma na majibu ya mkato, basi hata uwe na cheti gani kesho humuoni. Kwa hiyo tunapoongelea mazoezi hapa tunamuongelea huyo mgeni wa saa tisa.

Kukimbia sio kubaya, mapafu yanahitaji, ila angalia kazi yenyewe inavyokutumia mwili. Mwalimu wa wageni wapya hateremki sana. Siku nzima unapanda kwa hatua za pembeni, unasukuma ski kwenye tambarare, unateremka kinyumenyume na ski zimetanuka huku umemkazia mgeni macho, unainama kufunga vifungo vya buti, unamnyanyua mtu wa kilo 90 ambaye naye hajui akusaidieje, halafu unasimama kwenye baridi dakika kumi bila kusogea. Hamna mbio hapo. Na hata hiyo sehemu ya kuteremka, paja la mbele linafanya kazi huku linarefuka, yaani linashika breki, tofauti na kupanda ngazi ambako linasukuma huku linafupika. Kazi ya breki ndo inaleta yale maumivu ya siku ya pili na ya tatu, na mwili hauizoei mpaka uifanye. Kukimbia tambarare hakukupi hiyo kwa kiasi unachohitaji.

Kwa hiyo miezi miwili ya kwanza jenga nguvu tu, siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Kuna zoezi moja nalipenda kuliko yote na halihitaji jimu, simama kwenye ngazi au boksi la sentimita 20 hadi 30, mguu mmoja juu, ule mwingine uteremshe mpaka kisigino kiguse chini, hesabu sekunde nne unateremka, na goti lielekee vidole, lisiangukie ndani. Mara nane kila mguu, raundi tatu. Siku ya kwanza utacheka, siku ya tatu hutacheka. Ongeza skwoti, na kunyanyua uzito kutoka chini kwa kukunja nyonga mgongo ukiwa umenyooka, maana ndo mkao ule ule wa kumuinamia mgeni.

Usisahau nyuma ya paja, wengi wanakosea hapo. Wateleza ski huwa na mapaja ya mbele kama magogo afu nyuma hamna kitu, na nyama za nyuma ndo zinasaidiana na ile ligamenti ya ndani ya goti inayozuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele, ambayo kwenye ski inakatika sana kuliko tunavyopenda kusema mbele ya wageni. Piga magoti kwenye mkeka, mtu akushikie vifundo vya miguu, jiachie kwenda mbele taratibu ukiwa umenyooka toka magoti mpaka mabega, ukishindwa jidake kwa mikono. Mara tano tu, raundi tatu, usijifanye shujaa.

Mwezi wa tatu na wa nne ingiza kuruka pembeni kwa mguu mmoja mmoja, ukitua unaganda sekunde mbili kabla ya kuruka tena, maana faida iko kwenye kutua. Kama una kilima karibu, panda kisha uteremke kwa miguu ukiwa na begi mgongoni, na hesabu yako iwe ya dakika za kuteremka. Viatu vya magurudumu yaliyopangwa mstari navyo ni vizuri, ule msukumo ni ule ule wa kusukuma ski tambarare. Mwezi wa mwisho punguza wingi, bakiza ukali, uingie kazini ukiwa umepumzika. Na pima vifundo vyako, weka kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani, sukuma goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, kama halifiki ujue kwenye buti utakuwa unakaa nyuma nyuma na mapaja ndo yatalipia.

Sasa mgongo. Nusu ya huo mgongo hauponi kwa mazoezi, unapona ukiacha kunyanyua watu. Niko serious. Mgeni akianguka mara ishirini nawe ukamvuta mara ishirini, umejiumiza na umemfundisha kwamba bila wewe hawezi kusimama. Mfundishe kunyanyuka dakika za mwanzo kabisa, kabla hata ya kuteleza, palepale tambarare. Ski zote mbili zikae upande wa chini wa mteremko kuliko mwili, zikingame na mteremko zisielekee bondeni, asogeze makalio karibu na ski, asukume kwa mikono upande wa juu. Ikishindikana avue ski ya juu, ainuke, aivae tena, hamna aibu. Mtu anayejua kusimama mwenyewe uoga wake unapungua ghafla, utamuona usoni. Unaona sasa kwa nini nasema ni swali moja?

Tukiwa hapo hapo kwenye kuanguka, walimu wengi tunawaambia wageni "ukishindwa kaa chini", mi niliacha kusema hivyo. Mtu akikaa kwa nyuma juu ya mikia ya ski, nyonga zikashuka kuliko magoti, ski ya chini ikikamata theluji kwa ukingo wa ndani inaenda na goti. Waambie waangukie pembeni, upande wa juu wa mteremko, na wasijaribu kuinuka wakiwa bado wanateleza.

Twende kwa wageni wenyewe. Nikuulize, mara ngapi umekagua buti la mgeni kwa mkono wako? Mwaka wangu wa tatu nilikuwa na mgeni analalamika miguu inauma toka saa tatu, nikamwambia kwa ujuaji wangu kwamba buti za ski ndo zilivyo, atazoea. Mchana kavua, kumbe alikuwa na soksi pea mbili na suruali ya ndani imechomekwa yote ndani ya buti, muundi umekuwa mwekundu kama umechapwa. Hakurudi, na alikuwa na haki yake. Ndani ya buti inaingia soksi moja nyembamba ndefu, basi. Namba ya buti ya ski ni urefu wa mguu kwa sentimita, mguu wa 26.5 buti 26.5, lakini wageni wapya wanakimbilia kubwa maana dukani ndo linajisikia raha, afu kwenye theluji kisigino kinaelea, anabana vifungo mpaka damu haipiti, vidole vinaganda. Muombe fundi wa duka la kukodisha vifaa akukubalie ushinde naye siku mbili tatu kabla ya msimu, utajifunza kuliko semina. Ila baindingi, yaani kile kifaa kinachoshika buti kwenye ski, muachie yeye, ile namba ya nguvu ya kuachia buti mtu akianguka inapangwa kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na aina ya mtelezaji, haipangwi kwa kukisia.

Halafu eneo la kuanzia. Kosa kubwa tunalofanya ni haraka ya kwenda juu. Mgeni anataka kupanda lifti ya viti, nawe unataka kuonekana unampeleka mbele, mnafika juu anaangalia chini na somo limeishia hapo, kilichobaki ni kuokoa mtu. Tafuta mteremko mdogo ambao chini yake pako tambarare au panainuka kidogo, ski isimame yenyewe. Hapo mgeni anateleza mara ya kwanza bila kulazimika kujua breki, mwili wake unagundua kwamba kuteleza kunaisha, na hiyo ndo habari anayoihitaji kuliko zote. Anza na ski moja mguuni azunguke azunguke, badilisha mguu, kisha zote mbili. Plau, yaani ncha za mbele zikikaribiana na mikia ikitanuka, ije baadaye, na ukiifundisha usiifanye kuwa ndo breki pekee. Mtu aliyefundishwa kusimama kwa kutanua miguu tu atabana mapaja mteremko mzima mpaka yawake moto, wakati anayejua kwamba kukata kona mpaka ukingame na mteremko kunapunguza mwendo ana breki ambayo haimchoshi.

Mdomo nao unahitaji mazoezi ya kiangazi. Jirekodi kwa simu unaelezea plau, kisha sikiliza. Mi nilipojirekodi mara ya kwanza nilitumia dakika nne na ndani yake kulikuwa na maagizo kumi na moja, sijui mgeni angeshika lipi. Lenga sekunde 30 na jambo moja. Na angalia unamuelekeza akili wapi. Mwaka 1998 Gabriele Wulf, mtafiti wa jinsi watu wanavyojifunza miondoko ya mwili, na wenzake walitoa utafiti walioufanya kwa mashine ya kuigiza ski, walioambiwa wafikirie magurudumu ya mashine chini ya miguu yao walijifunza vizuri kuliko walioambiwa wafikirie miguu yenyewe. Kwa hiyo badala ya "kunja goti la kulia, sukuma kidole gumba", mwambie "ponda theluji kwa ski ya kulia" au "telezea kule kwenye ile bendera". Utashangaa jinsi mwili unavyojipanga wenyewe.

Foleni pia inaua masomo. Ukiwa na watu wanane na unawateremsha mmoja mmoja, kila mmoja dakika moja, basi kila mtu anateleza dakika moja na kuganda saba. Weka mzunguko, wanateremka upande huu wanapanda upande ule, kila mtu anasogea muda wote, we unasimama pale pagumu na unamwambia kila anayepita neno moja. Hivyo hawapati baridi na hawapati muda wa kukaa wanajilinganisha.

Na mwisho wa somo usimalizie na jaribio jipya. Jua likishapiga theluji ya alasiri inakuwa nzito, inashika ski, miguu ya mgeni imekwisha, hapo ndo unamwambia tujaribu mteremko mkubwa mara moja tu? Hapana bana. Rudi nao pale wanapoweza, wateremke vizuri mara mbili, umwambie kila mmoja kwa jina kitu ambacho asubuhi hakukiweza na sasa anakiweza, umuonyeshe mteremko gani aufanyie mazoezi peke yake na upi asiuguse bado, na umtajie kesho mtaanza na nini. Mgeni akishajua kesho kuna nini ana sababu ya kuja. Ukimwambia tu "umefanya vizuri sana" kama unavyomwambia kila mtu, hana kitu cha kurudia.

Kuna zoezi jingine nakupa na usilidharau. Katika hii miezi mitano jifunze kitu ambacho mwili wako hauna habari nacho kabisa, kama huogelei nenda kaogelee, kama huchezi dansi nenda kacheze, na ulipie mwalimu. Toka ulipoanza kuteleza ni zamani, umesahau inavyokuwa mtu akikuambia "legeza tu" na wewe mwili mzima umekuwa mbao. Kila huyo mwalimu wako anapokukera andika alisema nini. Mi nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, mwalimu wangu akawa anaongea huku maji yamo masikioni mwangu, sikusikia kitu nikawa natikisa kichwa tu kama nimeelewa. Toka siku hiyo mgeni akinitikisia kichwa mi simuamini, namwambia anionyeshe.

Hilo la theluji ya kiangazi sasa. Kumbi za ndani zipo, mfano Ski Dubai, na barafu za kudumu juu milimani kama Hintertux kule Austria au Zermatt Uswisi zina theluji hata wakati wa kiangazi. Kama una mtihani wa cheti cha ngazi ya juu msimu ujao, nenda, hata siku nne tano. Kama huna mtihani, mi hela hiyo ningeitengenezea kwanza buti zangu mwenyewe kwa fundi anayejua kazi yake, maana mwalimu anayeumwa miguu naye kuanzia saa sita anamwangalia mgeni huku akili iko kwenye vidole vyake. Na ukienda, walimu wote utakaowakuta huko watakuwa wanakata kona za mbio, ndo raha yenyewe, sikukatazi. Ila tenga asubuhi moja uteremke kwa plau ya polepole kabisa, mwendo wa mtu anayetembea, kona za mviringo, mikono imetulia, na mtu akurekodi kutoka chini. Hiyo ndo picha ambayo mgeni wako ataitazama msimu mzima akiiga, na mi nimeona walimu wanaoteleza kama upepo ila plau yao ukiiangalia unaona mguu mmoja unaburuzwa.